Nzi wa Matunda na Mtoto wa Vidole Sita

Ukiacha ndizi mbivu mezani siku mbili tatu, hutakosa kumwona mgeni asiyealikwa: nzi mdogo kuliko punje ya mchele, mwenye macho mekundu, azungukaye tunda lililoanza kuchacha. Akina mama wa Kambove humfukuza kwa kitambaa, wala hawana haja ya habari zake. Mwanafunzi mmoja alituuliza: «Je, ni kweli kwamba watu wazima wenye elimu hutumia maisha yao yote kumchunguza nzi huyu? Wapata faida gani?» Swali hilo ni jema. Leo twapenda kulijibu, kwa sababu jibu lake lagusa nyumba nyingi za nchi yetu ya shaba.

Kwanza tujue kwamba nzi huyu ni jirani yetu. Wataalamu wanasadiki kwamba asili yake ni misitu ya miombo ya kusini mwa Afrika, huko Zambia na Zimbabwe, ng'ambo ya mpaka wetu. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba nzi wa mwituni nchini Zimbabwe hupenda sana tunda la mng'ongo. Kutoka huko alimfuata binadamu na matunda yake hata akaenea duniani kote.

Katika mji wa New York, mwaka 1910, mwalimu Thomas Hunt Morgan alimwona dume mmoja mwenye macho meupe kati ya wengi wenye macho mekundu. Kwa kufuata uzao wake alifahamu mahali zinapokaa jeni, yaani maagizo ya urithi ambayo kila kiumbe hupokea kwa wazazi wake. Mwaka 1933 alipewa tuzo ya Nobel. Aliyemtangulia katika njia hiyo alikuwa mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, Gregor Mendel, aliyetangaza kanuni za urithi mwaka 1866 baada ya kupanda njegere katika bustani ya monasteri. Basi asiwepo wa kutuambia kwamba imani na elimu hii ni maadui tangu mwanzo.

Nzi wa matunda alichaguliwa kwa kuwa hana gharama. Akiwa mahali penye joto, yai lake huwa nzi kamili kwa muda wa siku 10 hivi, na chupa moja yatosha kulea mamia.

Lakini yai ni chembe moja tu. Je, chembe zitokanazo nalo zajuaje kwamba hizi ziwe bawa na zile ziwe mguu? Hazina macho wala masikio, ila hupelekeana ishara. Tufikiri juu ya kengele ya misheni. Aliye karibu huisikia kwa nguvu, aliye mbali huisikia kidogo, na kila mtu hushika kazi ya saa ile. Vivyo hivyo chembe fulani hutoa ishara, na jirani zake hujipanga kwa kadiri zinavyoipata.

Mwaka 1980 Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, waliofanya kazi huko Heidelberg, nchini Ujerumani, walitangaza jeni nyingi zinazopanga mwili wa nzi. Moja waliipa jina la kalunguyeye, kwa sababu funza wa nzi aliyeikosa hujaa vinywele vikali kama mnyama huyo. Jeni hiyo ndiyo hutengeneza mojawapo ya ishara tulizotaja. Mwaka 1995 wote wawili, pamoja na Edward Lewis, walipewa tuzo ya Nobel.

Baadaye ikaulizwa: ishara ikizidi, au ikitolewa mahali pasipo pake, itakuwaje? Mwaka 1993 Andrea Brand na Norbert Perrimon walieleza njia ya kuwasha jeni yoyote katika sehemu ya mwili waitakayo, kwa kuazima swichi kutoka kwa hamira. Mwaka uliofuata Konrad Basler na Gary Struhl, kwa njia nyingine, waliiwasha jeni ya kalunguyeye katika sehemu ya mbele ya bawa, ambapo kwa kawaida hunyamaza. Bawa likaota sehemu za ziada, zikitazamana kama mtu na sura yake katika kioo. Jeni haikuharibika, na ishara ilikuwa ile ile njema. Kosa lilikuwa mahali tu.

Sasa twafika nyumbani. Mwanadamu naye anayo jeni ya ukoo huo, na ishara yake hupanga vidole vya mkono tumboni mwa mama. Ikitolewa pia upande wa kidole gumba, mtoto aweza kuzaliwa na kidole cha ziada. Ikipungua mno katika kichwa, ubongo wa mbele haugawanyiki sawasawa, na uso hukosa umbo lake. Mwaka 2019 waganga wa Lubumbashi walitoa taarifa ya watoto waliozaliwa na kilema hicho cha pili. Na mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba hatari ya kuzaliwa na kilema ilionekana kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi ya migodi. Sababu yenyewe bado yachunguzwa, lakini onyo hilo si la kudharauliwa.

Basi twasema nini katika familia zetu mtoto wa namna hiyo anapozaliwa? Mara nyingi mama hulaumiwa kwanza. Husemwa kwamba alivunja mwiko, au kwamba bibi mzee wa nyumba ni mchawi. Mume hugeuza uso, na mtoto hufichwa chumbani hata asibatizwe mbele ya watu. Mitume nao walimwuliza Bwana wetu juu ya kipofu tangu kuzaliwa, kama ni yeye aliyetenda dhambi au wazazi wake. Yesu alikataa mashtaka hayo yote mawili. Sisi tulio wafuasi wake twawezaje kuyarudisha?

Enyi akina baba mfanyao kazi katika vumbi la madini, ogeni na kubadili nguo kabla ya kuingia nyumbani, wala msiwape wake zenu nguo za kazi wazifue wakiwa na mimba. Enyi akina mama, nendeni kliniki mapema, mwulizeni mganga habari za vidonge vya asidi ya foliki, mkaache pombe. Na mtoto akizaliwa na kilema, mpelekeni hospitali, kwa maana kidole cha ziada mara nyingi huondolewa bila shida kubwa.

Nawe mwanafunzi uliyetuuliza, hiyo ndiyo faida. Nzi yule wa ndizi amesaidia kuonyesha jinsi vilema hivyo vinavyoanza, na katika habari zake zote hatukumkuta mchawi.