Kitabu cha Dalili na Homa ya Mtoto

Twaingia katika suala la mama mmoja wa Kilimani, Nairobi. Mwanawe alishikwa na homa. Tabibu wa homeopathi akafungua kitabu kinene, akauliza habari za kiu, jasho na ndoto, kisha akatoa vidonge vitamu. Mama auliza: kitabu kile ni cha nini, na aliyekifungua ameujua ugonjwa?

Kitabu kile ni faharasa ya dalili. Homeopathi iliasisiwa na Samuel Hahnemann, tabibu wa Kijerumani (1755–1843), kwa rai kwamba kimleteacho mzima dalili fulani humponya mgonjwa mwenye dalili kama hizo. Dalili zikawa maelfu, ikabidi zipangwe. Faharasa mashuhuri ni ya Mmarekani James Tyler Kent, iliyoanza kuchapwa 1897. Huanza na akili, kizunguzungu, kichwa na macho, ikashuka hadi miguuni. Ndipo usingizi, homa, jasho, ngozi, na mwisho hali za mwili mzima. Kwetu mpango huo si mgeni: Ibn Sina naye, katika kitabu cha tatu cha Qanun, aliyapanga maradhi toka kichwani kwenda miguuni. Ila yeye alipanga maradhi. Kent alipanga dalili.

Kila mlango una vifungu: hofu, kisha hofu ya radi. Chini yake huorodheshwa dawa kwa daraja tatu, za wino mzito, za herufi za mlazo na za herufi za kawaida. Tabibu huteua dalili zinazompambanua mgonjwa wake, akatazama ni dawa gani yajirudia kwa daraja ya juu, kisha akasoma sifa zake katika kitabu cha dawa. Siku hizi kompyuta humfanyia hesabu hiyo.

Waliosoma madrasa wajua Al-Mu'jam al-Mufahras ya Muhammad Fuad Abdul-Baqi. Hukuonyesha neno la Qur'ani li katika sura na aya gani. Haikupi hukumu, wala aifunguaye hawi mufti. Faharasa ya Kent nayo hukuelekeza kwenye jina la dawa. Homa yenye kutetemesha yaweza kuwa ya malaria au ya kitu kingine, na ukurasa ni ule ule.

Hapa ndipo penye hatari. Baridi ya Nairobi hutusahaulisha mbu, na watoto wetu hurudi kutoka likizo za Kwale na Malindi, homa ikawashika wiki moja au mbili baadaye. Malaria kali yaweza kumzidia mtoto kwa siku moja au mbili tu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha watu wasitegemee homeopathi kwa malaria, kifua kikuu, UKIMWI wala kuhara kwa watoto wachanga. Na katika riwaya ya Abu Dawud, atibuye watu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara.

Basi mama, mtoto apimwe damu kwanza, siku ile ile. Ni tone la kidoleni, na jibu huja kabla ya nusu saa. Mwambie daktari mlikuwa pwani lini, na umwonyeshe vidonge alivyokwisha kupewa.

Swali lako la pili, la matone yaliyohifadhiwa kwa pombe, tutalijibu juma lijalo, inshallah.