Gridi haikuhitaji lugha ya ankara

Kuna hoja ambayo sisi waandaaji programu hatuichoki: lugha sanifu ipo, itumie, hata kama kazi yako ni nyingine. Jamani, hebu tuangalie BPEL ilivyofanywa kwenye gridi.

IBM, Microsoft na BEA waliitoa mwaka 2002, lugha ya XML ya kuunganisha huduma za wavuti: pokea oda, uliza benki, tuma ankara. Kwa biashara, safi kabisa. Gridi nayo ni kompyuta za vyuo na maabara mbalimbali zilizounganishwa zifanye hesabu kubwa za sayansi. Globus Toolkit 4 ilipokuja mwaka 2005, nayo ikitumia huduma za wavuti, kuna watafiti waliosema basi BPEL itatosha. Viraka vikaanza.

BPEL 1.1 ya 2003 ilikuwa na matawi sambamba, ila idadi yake unaiandika mapema. Mtu ana faili 5,000 za jenomu, aandike matawi 5,000? Kitanzi sambamba kilingoja toleo la 2.0, mwaka 2007.

Kinachonikera zaidi ni data. Katika BPEL matokeo ya hatua moja huingia kwanza kwenye kigeu ndani ya injini, ndipo yatumwe kwa hatua inayofuata. Ankara ya kilobaiti mbili, sawa. Gigabaiti 40 je? Ni kama mahindi yatoke Kitale kwenda Eldoret, lakini lazima yapitie Nairobi! Na gridi ilikuwa tayari na GridFTP, inayohamisha faili kutoka seva hadi seva moja kwa moja. Dawa ikawa kupitisha anwani ya faili badala ya faili yenyewe. Ni ujanja mzuri, ila sasa lugha iliyosifiwa kwa kukagua aina za data inaona herufi tupu tu.

Mtaniambia injini zilikuwa tayari, tena zilishughulikia makosa vizuri. Hilo nawapa. Lakini oda hufutwa. Saa sita za prosesa zilizokwisha kutumika atazirudisha nani?

Wakati huohuo Taverna, ya mradi wa myGrid kule Uingereza, ilikuwa na lugha yake, Scufl: ipe orodha mahali inapotarajia kitu kimoja, inarudia hatua yenyewe. Taverna ilistaafishwa Apache mwaka 2020, kweli. Lakini fungua Nextflow, au CWL 1.0 ya 2016: data ndiyo inayoamua hatua ipi ianze, na orodha hutawanywa bila kuhesabiwa matawi. BPEL humo sijaiona.