Zimwi Lisilo na Jina

Vijana wengi huuliza: "Wazee wanaona raha gani katika sinema za kale za kutisha, zisizo na rangi ila nyeusi na nyeupe?" Jawabu si gumu. Na watazame moja tu, "Frankenstein", iliyotengenezwa Marekani mwaka 1931 na Bwana James Whale, kutokana na hadithi ya Bibi Mary Shelley iliyochapishwa mwaka 1818.

Frankenstein, kinyume cha wanavyodhani wengi, si jina la zimwi. Ni jina la bwana mmoja mwenye elimu, ambaye akusanya viungo vya maiti, avishona pamoja, na kuvitia uhai kwa nguvu za umeme. Aliyeigiza kiumbe huyo ni Bwana Boris Karloff, Mwingereza. Kila siku alikaa kitini saa nne hivi, fundi Jack Pierce akimtengeneza uso. Alipakwa rangi ya kijanikijani, nayo katika picha ilionekana kama ngozi ya mfu hasa. Hiyo ndiyo faida ya vivuli: jicho huona kidogo, na moyo hujaza yaliyosalia.

Lakini hofu peke yake haidumu, maana mtu huizoea. Kinachodumu ni huruma. Kiumbe yule aonapo mwanga wa jua mara ya kwanza, ainua mikono yake miwili kana kwamba ataka kuushika. Badala ya kufundishwa, afungwa minyororo na kutishwa kwa mwenge wa moto. Baada ya kutoroka, mtoto mmoja tu, Maria, ampokea bila woga, nao warusha maua ziwani na kuyatazama yakielea. Maua yakiisha, kiumbe amtupa mtoto majini, akidhani naye ataelea. Ndipo wanakijiji wamwandama kwa mienge, na kukitia moto kinu cha upepo alimokimbilia.

Je, msomaji, lawama ni ya nani? Ni ya aliyetenda bila kujua, au ya aliyemleta duniani kisha asimpe hata jina?

Mwaka 1991 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitia sinema hiyo katika orodha ya zile zinazostahili kuhifadhiwa. Ilistahili kweli. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu, kama tuonavyo, mara nyingi hufunza kwa moto. Kila mwenye mtoto nyumbani na alifikiri neno hilo.