Mashine Hutii Neno, Haijui Nia
Waandishi wa programu za kompyuta huunda toleo jipya kila usiku ili makosa yagunduliwe mapema. Matoleo ya zamani yasipoondolewa, diski hujaa na kazi husimama. Yafaa kuiachia kompyuta usafi huo, lakini amri ziandikwe kwa busara. Amri ya kufuta kila toleo lililopita siku 14 ina hatari: uundaji ukishindwa kwa wiki 3 mfululizo, hata toleo la mwisho lililofaulu litapotea. Afadhali yabakizwe daima matoleo 7 yaliyofaulu, hata yakizeeka. Mwaka 2015 amri za programu ya Steam katika Linux, zilipokosa jina la folda, zilifuta mafaili ya mtumiaji mwenyewe. Basi, mwanafunzi, agiza kwanza orodha ya vitakavyofutwa; uisome, ndipo uruhusu.