Viatu vya Magurudumu Vibaki Nchi Kavu

SAFARI za meli za kitalii siku hizi ni mapumziko ya jamaa nzima, wakubwa kwa wadogo. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza kuchukua abiria mwezi Januari 2024, ina sitaha 20 na inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000, mbali na mabaharia wake. Haishangazi basi kwamba mtoto aliyezoea kuteleza kwa viatu vyenye gurudumu kisiginoni hutaka kuvichukua safarini, wala kwamba baadhi ya wazazi humkubalia.

Viatu hivyo vilibuniwa na Mmarekani Roger Adams, vikaanza kuuzwa mwaka 2000. Kwa sura ni raba za kawaida. Mtoto akiinua vidole na kuegemea kisigino, huteleza. Ubaya haumo katika kiatu chenyewe, bali katika mahali kinapotumika. Mwaka 2007 madaktari wa mjini Dublin, nchini Ireland, walitoa taarifa ya watoto 67 waliotibiwa katika majuma 10 tu ya kiangazi cha mwaka uliotangulia, kwa majeraha yaliyotokana na viatu vya namna hiyo. Wengi waliumia mikono, kwani anayeanguka hutanguliza mkono. Na hao walianguka nchi kavu, penye ardhi isiyoyumba.

Melini hali ni nyingine. Sitaha hulowa maji, chombo huinuka na kuinama, milango ya nje ina vizingiti, na ujia wa kuingilia vyumbani ni mwembamba. Katika ujia huo huo hupita mzee mwenye mkongojo, mama aliyebeba mtoto mchanga na mtumishi mwenye sinia la vyombo. Mfupa ukivunjika, zahanati ya melini ina uwezo wenye mpaka, na bandari yenye hospitali kubwa huenda iko mbali. Ndiyo maana makampuni kadhaa ya meli yamepiga marufuku matumizi ya viatu hivyo ndani ya vyombo vyao.

Wapo wanaosema kwamba mtoto ana haki ya kucheza. Hakuna anayepinga haki hiyo, na meli hizo zimetenga mahali pa michezo kwa ajili yake. Kinachopingwa ni starehe ya mmoja kugeuzwa kuwa adha ya wengi. Wapo pia wasemao kwamba gurudumu linaweza kuchomolewa na kurudishwa bandarini. Hoja hiyo ina uzito, lakini inamtwika mtoto wa miaka minane kazi ya kujizuia kutwa nzima mbele ya sakafu laini inayomwita. Mzazi mwenye busara hampi mwanawe mtihani wa namna hiyo.

Jambo lililo kubwa zaidi ni nidhamu. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakapoteza maisha. Mamia ya abiria waliopanda siku ile walikuwa hawajafanyishwa zoezi la dharura, kwa sababu sheria ya wakati huo iliruhusu lifanywe katika muda wa saa 24. Tangu mwaka 2015, kanuni za kimataifa zinataka zoezi hilo lifanywe kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu baada yake. Maafa yale hayakuletwa na mtoto. Nahodha, mtu mzima mwenye dhamana, ndiye aliyehukumiwa na mahakama kifungo cha miaka 16. Mtoto anayeona wazazi wake wakiikwepa kanuni ndogo ya viatu atajifunza kwamba hata kanuni kubwa hukwepwa.

Fundisho hilo linawahusu pia wazazi wanaovuka na watoto wao kwa boti kati ya Dar es Salaam na Unguja, ambamo mapito ni finyu zaidi na bahari hiyo hiyo huchafuka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ni wajibu wa kila mzazi kuviacha viatu hivyo nyumbani, kumweleza mwanawe sababu, na kumtafutia mchezo usiomhatarisha yeye wala jirani yake.