Bwana Shamba Akitaka Kuwa Wakili

Mkulima wa viazi wa Uwemba, mkoani Njombe, apandaye katika miteremko inayoizunguka misheni ya Wabenediktini, kila msimu wa mavuno ukiwadia hukutana na jambo ambalo sheria imekwisha kulikataza kwa maneno bayana, nalo ni lumbesa. Kanuni za vipimo zataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mnunuzi huja na gunia lililoshonewa kilemba juu, akalijaza hata likavimba, kisha bei ikabaki ile ile ya gunia moja. Sheria ipo, na dhulma nayo ipo, wala hakuna mtu baina ya hizo mbili. Mkulima huyo akithubutu kushitaki, wakili atakayempata mjini Njombe au Makambako, pamoja na ufasaha wake wote, yamkini hajui gunia huchukua debe ngapi, wala kiazi hupungua uzito kiasi gani kikikaa ghalani, wala faida ya dalali hutoka wapi. Ilhali bwana shamba wa kata, ayajuaye hayo kama ajuavyo jina la mamaye, hana ruhusa ya kumsimamia mtu mahakamani kama wakili wake.

Sasa tuseme bwana shamba huyo, mwenye shahada yake ya kilimo na miaka kumi ya kazi, ametamani kuipata ruhusa hiyo. Nchini mwetu Tanzania ataambiwa aanze upya kama kijana aliyetoka kidato cha sita jana: asome shahada ya kwanza ya sheria kwa miaka mitatu au minne kwa kadiri ya chuo, kisha aende Dar es Salaam katika Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambayo haimpokei asiye na shahada hiyo. Chuo Kikuu Huria kimewafaa wengi wa namna hii, kwa kuwa humfuata mwanafunzi alipo badala ya kumwita aache kazi na watoto, na wafanyakazi wa serikali waliopata sheria kwa njia hiyo ni wengi; walakini hata huko shahada ya kwanza husomwa tena tokea alifu.

Mataifa mengine hayakuona haja ya ukali huo. Uingereza, ambayo mfumo wake wa sheria ndio tuliourithi, kwa miaka mingi imewapa wahitimu wa fani nyingine kozi ya takriban mwaka mmoja ya kuwageuza wanasheria, na Scotland ina shahada ya sheria ya miaka miwili kwa ajili yao. Jonathan Sumption alisoma historia Oxford na kuifundisha huko. Akaingia katika uwakili mwaka 1975, na mwaka 2012 akaketi katika Mahakama ya Juu ya Uingereza, asiache kuandika vitabu vyake vya historia. Marekani wamekwenda mbali zaidi, kwani huko kwa kawaida sheria haisomwi ila na mtu aliyekwisha kupata shahada ya jambo jingine.

Wala tusidhani hayo ni mambo ya ugenini tu. Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi kabla ya kukalia kiti cha ukadhi, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Elimu ya dini alikuwa nayo tangu ujanani, hilo halina ubishi, lakini sidhani kuna aliyeona kwamba miaka ya chaki ilimpunguzia fikira alipoketi kuamua mirathi na talaka za watu.

Kitivo cha sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, kwa wanafunzi wasiozidi kumi na watano, Afrika Mashariki haikuwa na mahali pengine pa kusomea sheria chuoni, na aliyetaka uwakili alilazimika kuvuka bahari. Serikali changa ilihitaji vijana wa kuwapeleka mahakamani na wizarani kwa haraka, nao wahitimu wa fani nyingine walikuwa haba hata katika fani zao wenyewe. Kumtoa mwalimu au bwana shamba darasani au shambani kwenda kusoma sheria kungekuwa israfu. Kwa hiyo njia iliyowekwa ilikuwa ya busara kwa wakati wake. Leo wahitimu wa ualimu wanazunguka na vyeti vyao katika mitaa ya Makambako wakiuza vocha, na njia ni ile ile.

Najua jibu nitakalopewa nikisema mhitimu wa fani nyingine asome sheria kwa miaka miwili tu, na ni jibu zito. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba kati ya wanafunzi 633 wa Taasisi, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa; nchi ikashtuka, na Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu. Ikiwa waliosoma sheria kwa miaka mitatu na minne wameanguka namna ile, msomaji atauliza, itakuwaje kwa aliyesoma miwili? Nami namwomba aitazame hesabu hiyo kwa utulivu, kwani wale 633 wote walipita njia ndefu, na urefu wake haukuwaokoa. Sisemi kwamba ufupi ungewaokoa. Nasema tu kwamba miaka peke yake si dhamana ya elimu, na kwamba mtu wa miaka thelathini na tano, aliyekwisha kujifunza kuandika ripoti, kupima ushahidi na kuvumilia kitabu kigumu, si sawa na kijana anayekutana na hayo yote kwa mara ya kwanza. Anayeogopa wanasheria dhaifu na alinde mtihani wa Taasisi, usilegezwe hata chembe kwa ajili ya mtu yeyote. Hapo ndipo penye ulinzi wa kweli, na hapo bwana shamba wetu asimame katika safu moja na wengine.

Liko jambo jingine ambalo mawakili wa mjini hulipita upesi mno. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na sheria kuu zaidi ya 400, pamoja na kanuni zake, hazina budi kufasiriwa kwa namna ambayo hakimu wa Uwemba na wa Ujiji watazielewa sawasawa. Ni nani atakayeifanya kazi hiyo? Mwanasheria aliyelelewa kwa Kiingereza huandika Kiswahili kigumu kuliko Kiingereza alichokikimbia, na mtaalamu wa Kiswahili asiyejua sheria ataandika sentensi tamu itakayompokonya mjane kiwanja chake. Mhitimu wa Kiswahili akiongezewa miaka miwili ya sheria atakuwa na thamani isiyo kifani, na ajabu ni kwamba mtu huyo ndiye tunayemfungia mlango kwa bidii zaidi.

Nimemtaja mjane, nami sikumtaja bure. Mkoa wetu wa Njombe, katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023, ulionekana kuongoza nchi kwa maambukizi ya virusi vya ukimwi, asilimia 12.7 ya watu wazima, na kila aliyekaa katika baraza la mirathi ajua maana ya hesabu hiyo: wajane, yatima, ami wa marehemu, na shamba la miti lenye wadai watano. Muuguzi na ofisa ustawi wa jamii, ambao nao wangefaa uwakili, huingia katika nyumba hizo miaka mingi kabla ya shauri kuzaliwa. Fauka ya hayo, mabaraza ya kata, ambayo zamani yaliamua migogoro ya ardhi, tangu mwaka 2021 yamebakiwa na kazi ya kusuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako maneno ya kijijini hayatoshi tena.

Ninachopendekeza, basi, ni stashahada ya uzamili ya miaka miwili, itolewe na Chuo Kikuu Huria katika vituo vyake vya mikoa, kwa mhitimu wa fani yoyote aliyefanya kazi kwa miaka isiyopungua mitatu: katiba, jinai, mikataba, madhara, ardhi, ushahidi na mwenendo wa mashauri, na likizo zake azitumie katika ofisi ya wakili. Sheria ya mwaka 2007 na ile ya mawakili zitahitaji kuguswa ili Taasisi impokee. Wapo wanaotaka wahitimu hao wafungwe kwa mkataba wa kutumikia vijijini. Mimi sioni faida yake. Mtu mwenye ekari tatu za parachichi Uwemba, na watoto katika shule ya hapo hapo, atarudi kwake bila kulazimishwa, na mteja wake wa kwanza atakuwa jirani.