Staa Kampeleka Mlinzi Polisi, Kumbe Betri ya Rimoti Imekata!

Video imezunguka kila grupu la WhatsApp mjini. Staa mmoja wa kike wa Bongo Muvi, jina linahifadhiwa, kasimama pembeni ya Harrier yake "Anaconda" kwenye maegesho ya kiota kimoja cha maraha pande za Mikocheni. Saa nane usiku, simu mkononi, yuko laivu. Anabonyeza rimoti, gari kimya. Anabonyeza tena, kimya. Kijana anayelinda maegesho anasogea kusaidia, anamwita "dada" kila akifungua mdomo, anachojibiwa ni matusi. "Mmeichezea gari yangu! Nyie ndo mnashirikiana na wezi!" Maelfu wanaangalia, wanatupia vikaragosi vya moto na kucheka.

Kijana alilala kituoni siku mbili. Katoka Jumatatu asubuhi baada ya mjomba wake kuhangaika huku na kule. Kosa halikuonekana, wala hakuna aliyemwambia pole.

Sasa ile sehemu ambayo bidada hakuirusha laivu ni hii. Fundi kaja na bodaboda. Kaishika rimoti, kasukuma kitufe kidogo ubavuni, kachomoa kijifunguo cha chuma kilichofichwa humohumo ndani. Kafungua mlango wa dereva kama mtu anavyofungua mlango wa nyumba. Alamu ikalia, watu wakapiga kelele "mwizi, mwizi", yeye wala hakushtuka. Kakanyaga breki, kagusisha rimoti ileile iliyokufa kwenye kitufe cha kuwashia, ule upande wenye nembo, kabonyeza, injini ikawaka na alamu ikanyamaza. Dakika kumi hazikufika. Ugonjwa wenyewe? Betri ya rimoti, kile kisahani kama sarafu, imekata. Bei yake haifiki sahani ya chips kuku mezani alikotoka kula.

Timu yake imeingia mtandaoni kutetea. Eti mwanamke, usiku, peke yake, angejuaje? Tena wezi wa magari wapo, na wanatumia vifaa vya kuzuia rimoti isifanye kazi. Hoja ya kwanza ina uzito, hofu ya usiku si ya kuchekwa. Ya pili nayo kweli, vifaa hivyo vipo. Lakini fikirieni kidogo, jamani. Mwizi anazuia mawimbi wakati unafunga gari, ili uondoke ukidhani umelifunga kumbe liko wazi, aje ajichukulie begi na laptopu. Gari la bidada lilikuwa limefungwa vizuri, vioo vimekunjwa, kila kitu kiko ndani. Mwizi gani huyo anayehangaika kuhakikisha gari halifunguki?

Na aliyeogopa anampigia mtu simu, anarudi ndani kwenye taa, anaomba msaada. Haweki ringilaiti ya simu, hasomi komenti, hamtaji mtu kwa sura yake na sare yake mbele ya nchi nzima. Hiyo ilikuwa kiki. Kijana anayelipwa vijisenti kusimama juani na mvuani akageuzwa kontent.

Cha kuuma zaidi, gari lilishamwambia. Rimoti haifi ghafla kama taa ya Tanesco. Inaanza kwa uvivu: zamani ulikuwa unafungua ukiwa mbali, sasa mpaka uikaribie, sasa mpaka ubonyeze mara tatu. Magari mengi ya kitufe huwa yanaleta na ujumbe kwenye dashibodi kwamba betri ya ufunguo inaisha. Tatizo ndinga zetu nyingi zimetoka Japani na ujumbe unakuja kwa Kijapani, kwa hiyo mtu anaendesha wiki tatu na ile alama inamwakia usoni, yeye anajua ni salamu. Hata simu yenye programu ya kutafsiri anayo, ni ileile aliyomrekodia mlinzi.

Mashabiki waliouliza betri gani inunuliwe, namba imeandikwa mgongoni mwa ile ya zamani. Nyingi ni CR2032, nyingine CR1632, na hazibadilishani maana upana unatofautiana. Na mkiacha rimoti imelala pembeni ya televisheni au kompyuta usiku kucha mnaimaliza wenyewe.

Wala bidada si wa kwanza. Kuna mwanamuziki mmoja wa Mbezi Beach alimfukuza dada wa kazi kwa sababu alamu ya gari ilikuwa inalia kila usiku, akaamini binti anafungua milango kuchukua hela za dashibodi. Binti karudi kwao Singida, alamu ikaendelea kulia. Majirani ndo wakamwambia aite fundi umeme wa magari. Swichi ya boneti ilishaota kutu kwa upepo wa bahari, gari likawa linadhani kuna mtu kafungua boneti. Juu ya hapo alikuwa kafunga alamu ya bei chee yenye sensa ya mtikisiko iliyopandishwa mpaka mwisho, lori la mchanga likipita tu barabarani, mji mzima hulali. Kuna wengine ni betri kubwa ya gari imechoka, umeme ukishuka usiku alamu inachanganyikiwa. Hayo yote fundi anayakagua kwa kipimo cha umeme, hamna haja ya kumfukuza mtu.

Binti wa Singida hakuitwa kurudi.

Tabia ni ileile. Mkoko ukigoma, wa kwanza kushukiwa ni mwenye mshahara mdogo kuliko wote waliopo. Mlinzi, dada wa kazi, muosha magari. Hakuna staa aliyewahi kumshuku rafiki yake aliyekuwa naye meza moja, ingawa naye alishika funguo ile usiku kucha akipigia picha.

Video ya Mikocheni imefutwa, lakini wajanja walishaidondosha kila kona na sura ya kijana bado inaonekana vizuri. Kampuni yake ya ulinzi imempangia lindo ghala moja huko Vingunguti, zamu ya usiku, eti wateja wa Mikocheni walilalamika. Bidada naye jana kapost rimoti imevishwa kava jipya la pinki lenye vimetameta, akaandika "new vibes". Komenti kafunga.

Mdau, za hapa ziko wazi. Unasemaje, alitakiwa aombe radhi laivu kama alivyotukana laivu, au ukimya unatosha?